Kopo Chini ya Sinki

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa mwezi wa saba, saa nne asubuhi. Nilikuwa chini, kwenye kona yangu karibu na mlango wa kuingilia jengo, mahali ninaposhonea viatu miaka yote hii. Nilikuwa nimekibana kiatu cha mtu katikati ya magoti, nangoja gundi ishike, mara sauti ikaanguka kutoka ghorofani kama sufuria.

"Mzee Gundi! Wewe Mzee Gundi! Panda uje uone! Umefungulia bahari huko kwako, nani kakwambia mimi nataka samaki?"

Alikuwa Mama Pacha, mshona nguo anayekaa chini yangu. Dari yake ndiyo sakafu yangu. Mama huyu hakujaliwa sauti ya ndani, alipewa ya nje tu. Nikaweka kiatu chini, gundi ikashika ilivyotaka yenyewe, nikaanza kupanda ngazi. Napanda ngazi kwa sababu lifti ya jengo letu ilikufa kabla ya mke wangu, na mpaka leo wakubwa hawajaizika.

Mlango wangu ulikuwa wazi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, amepiga magoti jikoni, anakausha sakafu kwa taulo na kukamulia kwenye ndoo. Sinki limejaa mpaka pomoni, maji yana macho ya mafuta juu juu, yananitazama.

"Shikamoo, baba," akasema. Mtoto huyu hata nyumba ikiwaka moto, ataamkia kwanza ndipo apige kelele.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Sinki limekataa, baba. Nilifungulia maji yasukume, nikaenda juu kuanua nguo. Narudi nakuta hivi."

"Yasukume nini?"

Akatazama dirishani, na mimi nikatazama alikotazama.

Kopo lilikuwa limewekwa pale dirishani likauke. Limesuguliwa ndani na nje, linang'aa kama meno ya mtoto. Jua limeingia ndani yake na kutoka tena, maana halikukuta kitu cha kulizuia.

Nilichukua taulo jingine nikapiga magoti upande wa pili, tukakausha maji sote wawili bila kutazamana.

Sasa nilieleze hilo kopo, maana mtu akisikia naomboleza kopo atadhani uzee umenipanda kichwani.

Mke wangu alipikia mafuta mgando, na nyama akiipata alipenda yenye mafuta yake. Akishakaanga, hakugusa sinki. Aliacha kikaango kipoe, anasema mafuta yakipoa hasira nazo zinaisha. Kisha anayamimina kwenye kopo, anafuta kikaango kwa kipande cha gazeti kuukuu, gazeti linakwenda kwenye takataka, ndipo kikaango kinaonja maji. Ukimuuliza kwa nini taabu yote hiyo, anakujibu, "Hilo sinki ndilo koo la nyumba. Wewe ukimeza mafuta mgando na kushushia maji baridi, utapumua?"

Hakuishia kwetu. Alipita mlango kwa mlango na makopo matupu, moja kwako, moja kwa jirani, mpaka wakambatiza Mama Makopo. Wengine walimcheka. Wengine walichukua kopo wakapandia vitunguu. Ofisi ya jengo nayo ilimsikia akisema hayo miaka nenda rudi, haikutikisika. Alipokwisha kuzikwa ndipo wakabandika tangazo ukutani: *Ni marufuku kumwaga mafuta kwenye sinki*. Maneno ni yake. Jina lake halipo. Wakubwa ndivyo walivyo, ukiwa hai wanakuziba mdomo, ukifa wanaazima ulimi wako.

Alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa mtu mwingine. Mafuta yakianza kuganda kwenye kopo, anayabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama, anasema bado. Kikiacha kishimo kidogo tu, anasema tayari, anafunika, analirudisha chini ya sinki nyuma ya sabuni. Siku ya pili anakaanga tena, anamimina juu ya kile kishimo, anabonyeza upya. Kopo likijaa analifunga kwenye gazeti na kulitupa, anaanza jingine. Kwa hiyo kila alama ya kidole chake ilifunikwa na mafuta ya chakula kilichofuata. Ya mwisho tu ndiyo haikufunikwa.

Siku hiyo ya mwisho alikaanga viazi. Viazi vikaisha, akashuka kununua vingine. Akapanda ngazi na mfuko, akafika katikati akakaa. Mama Pacha alimkuta pale akamuuliza, mbona unakaa kwenye baridi, dada? Akamwambia, "Napumzika kidogo." Lifti ingekuwa inafanya kazi angepumzikia nyumbani kwake. Basi. Sitaki kuendelea hapo.

Lile kopo lilibaki nyuma ya sabuni. Nilikuwa nikiinama asubuhi, nalifunua, naona kidole. Kishimo chenyewe, na vimistari vyake vya ngozi, hata kovu dogo la kisu alilolipata tukiwa bado wachumba, akimenya embe kwa kunitazama mimi badala ya kutazama kisu. Naliangalia, nalifunika, nashuka kazini. Picha zake ninazo, lakini katika picha zote amekaa kama anangoja kuitwa na daktari. Kwenye kopo alikuwa mwenyewe.

Mwanangu ni dereva wa lori la safari ndefu, anaonekana nyumbani kama mwezi. Mama yake alipotutoka, alimleta mkewe akae na mimi, asije akasikia baba yake amekula mkate mkavu mwaka mzima. Mkwe anafanya kazi kwa dobi, zamu ya jioni. Doa ni adui yake. Akiliona doa kwenye shati la mpita njia, mkono unamwasha.

Ni mtoto mwema. Ila baina ya mkwe na mkwe kuna ukuta wa heshima, na sisi ukuta wetu tuliupiga lipu tukaupaka na rangi. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka nina kazi chini. Nikiingia jikoni, yeye anakumbuka nguo kwenye kamba. Ningemwambiaje binti wa watu kwamba lile kopo linalonuka ndilo ninalosalimiana nalo kila asubuhi? Na yeye angeniulizaje, baba, uchafu huu wa nini? Aliona kopo lina mafuta ya siku nyingi, limeanza kuchacha, linaita mende. Akachemsha maji, akamimina ndani, mafuta yakayeyuka, akayapeleka kwenye sinki. Alitaka kunisaidia. Sote wawili tuliheshimiana mpaka tukaharibu.

Mchana wa siku ileile meneja wa jengo akaja. Tunamwita Bwana Funguo, kwa sababu ana mkufu wa funguo kiunoni unaolia kama mbuzi mwenye kengele, na hakuna kilichoharibika kilichowahi kufunguliwa nao. Mama Pacha alikuwa ameshampigia simu, vitambaa vya wateja wake vimelowa, na haki yake alikuwa nayo.

Bwana Funguo akachungulia sinki kwa mbali, kama linaambukiza.

"Mzee, hili ni suala la mafuta. Tangazo liko ukutani."

"Tangazo liko," nikamwambia. "Lifti haiko."

"Tusichanganye mambo, mzee wangu."

"Nani kachanganya? Mmetuwekea mabomba membamba kama mirija ya soda, jengo zima linapumulia tundu moja, halafu mnakuja kutushangaa sisi kwa kula."

"Fundi atakuja wiki ijayo."

"Ipi? Mbona hata ya mwaka jana mliiita wiki ijayo?"

Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa kinachodondosha maji, akacheka bila kutaka. Bwana Funguo akaona aibu, na mkubwa akiona aibu hutafuta mdogo wa kumtupia.

"Enzi za marehemu mlango huu haukuwahi kuleta malalamiko," akasema. Akainua funguo zake akaelekeza jikoni. "Tangu aje huyu mgeni wenu ndiyo tunaona haya."

Mkwe alikuwa amesimama pale na ndoo. Akatazama chini.

Mimi nikawaka. Nikamtajia lifti, nikamtajia taa ya ngazi iliyokufa, nikamtajia paa linalovuja, nikamtajia waliomweka kazini na waliowaweka hao waliomweka. Nilisema mpaka povu. Yule bwana akaondoka huku funguo zinalia, na Mama Pacha akanipiga begani, "Leo umemtoa jasho, Mzee Gundi." Nikajiona nimeshinda.

Lakini katika maneno yote yale, moja halikutoka: huyu si mgeni. Lilikwama kooni, na maneno mengine yakapita juu yake.

Kesho yake asubuhi nikamkuta mkwe amesimama sebuleni, mikono ameishika mbele kama mtoto wa shule. Nyuma yake, karibu na mlango, pana begi.

"Baba, nimeongea na mama kule nyumbani. Nimeona Jumamosi niende nikapumzike kidogo."

Nikapumzike kidogo. Neno lilelile. Mtu anakaa kwenye ngazi anasema anapumzika kidogo, watu wanamsadiki, na wewe uko chini unaendelea kupiga msumari kwenye kisigino cha kiatu cha mtu.

"Mume wako anajua?" nikauliza.

"Nitamwambia akipata mtandao."

"Haya," nikasema. Haya! Mtu mzima na mvi zangu, jibu nililolipata ni haya. Nikashuka kazini. Siku hiyo nilimshonea mteja kiatu cha kushoto soli ya kulia.

Ijumaa nilipanda mapema. Vyombo tulikuwa tunaoshea bafuni kwenye beseni, na fundi wa wiki ijayo bado yuko wiki ijayo. Nilikuja na koleo langu la kung'olea misumari. Mkwe alikuwa anakunja nguo.

"Mwanangu," nikamwambia, "njoo unishikie karai."

Akaja. Nikalala chali chini ya sinki, yeye akachuchumaa na karai, vichwa vyetu vikawa karibu kuliko siku zote tulizokaa nyumba moja. Bomba chini ya sinki lina kona, limepinda kama kiwiko, na kiwiko hicho kimefungwa kwa nati kubwa mbili za plastiki. Nikazungusha ya kwanza. Ya pili ikagoma.

"Usiilazimishe baba, itapasuka."

"Hii ni kazi ya ofisi. Ofisi haijui hata kama sinki lina kiwiko."

"Ukiwatukana italegea?"

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama karai, lakini pembe ya mdomo imepanda. Hajawahi kunitania tangu aje. Nikazungusha tena, nati ikaachia, maji meusi yakamwagika kwenye karai na nusu yake kwenye kifua changu, harufu ya kufukuza nzi. Kisha likatoka lenyewe. Bonge la mafuta, refu kama mshumaa, limepinda kwa umbo la bomba, jeupe juu na jeusi ubavuni.

Nikakaa. Nikaliokota kwa mikono miwili. Najua ni upuuzi. Mafuta yaliyeyushwa kwa maji ya moto, yakamiminwa, yakagandia mahali pengine. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta yanazoleka, lakini kilichokuwa kimeandikwa juu yake hakirudi. Nilijua yote hayo, na bado nilikuwa naligeuza upande huu na upande ule, nalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, unatafuta nini?"

"Kidole."

"Kidole cha nani?"

"Cha mama yako."

Karai likamponyoka. "Mungu wangu!" Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga jiko, macho kama sahani. "Baba! Kilikuwa humo?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokielewa, nikaanza kucheka. Nilicheka nimekaa kwenye maji machafu, na kicheko kikaenda kikaenda kikageuka, nikawa sijui tena ni kicheko au ni nini. Alinisogelea taratibu, akachutama mbele yangu, akaninyang'anya lile bonge polepole kama mtu anavyompokonya mtoto kisu.

"Niambie, baba."

Nikamwambia. Nilimweleza kopo, kishimo, kovu la embe, na asubuhi zangu za kuinama nyuma ya sabuni. Nilisema yote nikitazama nati ya bomba, maana usoni kwake nisingeweza. Nilipomaliza, machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, yeye asiyestahimili tone mahali.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, baba? Shikamoo baba, na lile kopo chafu ni la nini?"

"Ungeuliza hivyohivyo ningejibu."

"Ungesema una kazi chini."

Kweli, ningesema hivyo.

Akainuka, akaenda kwenye begi lake pale mlangoni, akafungua zipu, akarudi na kopo. Kopo la aina ileile, limejaa vibanio vya nguo.

"Siku ya harusi yetu," akasema, "watu wanaleta sufuria, wanaleta mashuka. Mama akanivuta pembeni akanipa hili, tupu. Nikauliza la nini. Akasema, 'Siku ukija kukaa kwangu nitakufundisha.' Nimekuja kukaa, yeye hayupo. Nikaona nitie vibanio, lisikae bure."

Sikujua habari hiyo. Miaka yote nilidhani nimemaliza kumjua yule mwanamke.

Lile bonge tulilifunga kwenye gazeti. Mkwe aliniuliza kwa macho kama nataka libaki, nikatikisa kichwa. Mafuta ya bomba ni mafuta ya bomba, na marehemu angekuwa wa kwanza kunicheka. Nilishuka nikalitupa mwenyewe. Bwana Funguo alikuwa pale penye mapipa, akaniambia kwamba kugusa mabomba ya jengo bila kibali ni kosa.

"Yule si mgeni," nikamwambia.

"Nani?"

"Yule uliyemwonyesha funguo. Ni binti yangu. Kaniandikie kosa langu." Nikamwacha anatafuta ufunguo wa kunijibu.

Nikapanda, nikaifunga kona ya bomba, tukajaribu maji. Yalishuka kwa sauti nzuri, kama mtu anayemeza baada ya homa ndefu. Mama Pacha akapiga kelele kutoka chini, "Yamepita! Nayasikia! Sasa niacheni nishone!"

Lakini kuambiana mambo hakufungui begi. Kwao alikuwa ameshaahidi, mama yake ameshamtandikia kitanda. Mimi sina haki ya kumzuia mtoto wa watu akae kumwangalia mzee mwenye harufu ya gundi. Na ukuta ule, hata ukiubomolea dirisha, bado ni ukuta. Kuna maneno mkwe hamwambii mkwe. Siwezi kusema, mwanangu, usiende, nyumba hii itanimeza.

Leo ni Jumamosi. Ameamka mapema kunipikia cha kuniachia. Amekaanga viazi, vingi, vya kumtosha mtu siku mbili. Mimi nimekaa mezani, sikukumbuka kazi yoyote chini. Alipomaliza hakugusa sinki. Aliacha kikaango kipoe. Kisha akachukua kopo lake, si lile la dirishani, akamwaga vibanio vyote juu ya meza mbele yangu, akamimina mafuta humo polepole bila kudondosha. Akafuta kikaango kwa gazeti. Akanawa mikono, akaketi upande wa pili wa meza.

Kopo liko katikati yetu. Begi liko mlangoni, zipu yake wazi, na nafasi ya lile kopo imebaki tundu kati ya nguo. Mafuta yameanza kufifia pembeni, yanakuwa meupe, yanakuja taratibu kuelekea katikati. Wala yeye haondoki, wala mimi sisemi. Gari lake ni la saa sita.

Nimetafuta neno lisilovunja heshima. Nimelipata moja tu, nikalisema nikitazama kopo.

"Mwanangu, haya mafuta yakishaganda, nani atayabonyeza?"